Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wanachama, Masasi

Ndugu wanachama, Asalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo.

Nianze na vitanda, maana najua ndivyo vinavyosemwa. Waliopita bweni la wavulana Jumapili wameona vinne havina mashuka, na mmoja wenu alinipigia simu kuuliza kama makao yetu ya watoto yanafungwa. Hayafungwi. Tulianza mwaka na watoto 31. Saba walirudi kwa ndugu zao, mmoja kati yao akarejea kwetu, na wapya wawili wameletwa na Afisa Ustawi wa Jamii. Leo wako 27.

Mtaani bado tunaitwa kituo cha yatima, ilhali wengi wa watoto wetu wana mzazi mmoja hai na karibu wote wana ndugu. Leseni tuliyopewa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ni ya kulea. Haimfanyi mtoto kuwa wetu. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwaka huu ilikuwa kutafuta ndugu. Na kwa kuwa kwetu huku, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mtoto ni wa ukoo wa mama, msako huanzia kwa mjomba na kwa bibi mzaa mama. Mlezi na Katibu wamezunguka Newala, Tandahimba na Nanyumbu kwa bodaboda. Safari mbili walirudi na mihogo tu. Mara nyingine bibi yupo, tena anamtaka mjukuu wake, ila hana sare ya kumvalisha wala blanketi la kumfunika. Hapo mtoto analala kwa bibi, sisi tunanunua sare, madaftari na blanketi. Ni nafuu kuliko kumlaza hapa, Mhasibu atawaonyesha.

Mmoja tulikosea. Kijana wa darasa la tano tulimkabidhi kwa mjomba wake mwezi Septemba, tukapiga na picha. Hatukujiuliza kwa nini mjomba aliyekaa kimya miaka mitatu amejitokeza korosho zinapoanza kudondoka. Wiki ya tano mwalimu akatupigia: mtoto haonekani. Tulimkuta shambani, ndoo miguuni, vidole vyeusi kwa maji ya mabibo. Hakulia. Alisema tu, "Nimeambiwa korosho zikiisha nitarudi shule." Lawama ni yangu, mimi ndiye niliyesaini. Tangu siku ile kamati imeamua kwamba hakuna makabidhiano msimu wa korosho. Anayemtaka mtoto kwa dhati atamtaka hata Machi, ghala likiwa tupu.

Kuhusu unyago, nimeulizwa sana. Mabinti wanne wamechezwa likizo ya Desemba, kwa ridhaa yao na ya bibi zao, na hatuna ugomvi na mila. Tulichoandikiana na ndugu ni tarehe ya kurudi tu. Wote wanne walikuwa darasani shule zilipofunguliwa Januari.

Elimu. Shule za serikali hazitozi ada tangu 2016, na tangu 2022 hata kidato cha tano na cha sita, kwa hiyo wapo wanaodhani hapo hatuna gharama. Viatu, uji wa shuleni na taulo za kike havimo kwenye waraka wowote. Hata hivyo kilichotusumbua zaidi si pesa, ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Tunaletewa mtoto wa darasa la tatu asiyeweza kusoma sentensi moja. Aliyepata dawa ni mpishi wetu, wala si mwalimu. Kila jioni anamkabidhi mtoto mmoja orodha ya stoo, na kitu hakitoki mpaka kisomwe kwa sauti. Siku moja "mbaazi" zilisomwa "maziwa" mara tatu, tukala saa tatu usiku. Sasa wanagombea zamu.

Vyeti vya kuzaliwa: watatu bado, tunafuatilia RITA, wakala wa serikali anayevitoa.

Fedha nisiwafiche. Michango yenu inamiminika baada ya minada ya korosho, ikifika Aprili mfuko umekauka, na watoto hawali kwa msimu. Aprili iliyopita tulikopa magunia mawili ya unga dukani. Deni tumelimaliza Novemba. Naomba kila mmoja agawe mchango wake kwa miezi kumi na miwili, hata ukionekana mdogo. Na ahadi za kangomba, za korosho ambazo hazijatoa hata maua, naomba msinipe.

Narudi kwenye vitanda. Bibi mmoja kutoka Nanyumbu alikuja kumwona mjukuu, akalala kwenye benchi la jikoni kwa sababu gari la kurudi lilikuwa limeondoka. Kamati inaomba idhini yenu vitanda viwili vihamishiwe chumba cha pembeni, kiwe cha ndugu wanaotoka mbali. Yule kijana wa darasa la tano ameshafagia chumba chenyewe kabla hamjapiga kura. Mama yake mdogo amepiga simu wiki iliyopita, anauliza lini anaweza kuja kumtazama. Leo ni Machi, ghala lake nadhani mnalijua.