Mama, mkono wangu umetetemeka tena

Newcastle, mwezi wa Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepungua kuuma na masika hayajawasumbua sana hapo Tanga. Mimi mzima, na leo ni mzima wa kweli. Mwezi wa pili nilikwambia hivyo hivyo na haikuwa kweli, na tangu hapo neno hilo limenikaa kooni.

Siku ile uliyopiga simu mara tano nisipokee, sikuwa kazini kama nilivyokudanganya. Nilikuwa sakafuni jikoni. Ninayeishi naye alinikuta nimekodoa macho, simtambui, akaita gari la wagonjwa. Kipimo cha sukari kilisoma 1.8, na haitakiwi iende chini ya 4. Dakika chache kabla ya hapo nilikuwa nakata kitunguu, na sikuhisi chochote, mama. Si jasho, si njaa, si moyo kwenda mbio. Hilo ndilo lililonitisha kuliko hiyo 1.8.

Unakumbuka nilivyokuwa mtoto? Sukari ikishuka midomo inakufa ganzi, mkono unatetemeka mpaka kikombe kinagongagonga kisahani. Usiku ulikuwa ukinigusa shingoni kwa mgongo wa mkono, ukikuta jasho la baridi unaniamsha ninywe uji wa sukari. Dalili zile zilikuwa zimenihama zaidi ya mwaka. Nilikuwa napima nakuta 2.7 huku napiga soga na wazee ninaowahudumia. Nikajisemea mwili umezoea, nikajiona hodari.

Mguu wa babu ndio ulionifikisha huko. Nilikuwa darasa la sita walipoukata kwa sababu ya sukari iliyopanda, na harufu ya kile chumba sijaisahau. Tangu hapo, sukari ikifika 10 mimi nauona ule mguu, naongeza insulini ya kuishusha. Nikawa naishi kwenye 3 na kitu, na kila 3 naihesabu ushindi.

Muuguzi wa kliniki ya sukari alinikalisha akanieleza taratibu. Sukari ikishuka, mwili unamwaga adrenalini, na hiyo ndiyo inayotetemesha mikono na kutoa jasho ili utafute kitu kitamu mapema. Ikishuka leo, ikashuka kesho na keshokutwa, mwili unaanza kuchelewa. Unangoja mpaka ubongo wenyewe umekosa sukari, na hapo mtu hana tena akili ya kujua kinachompata. Yaani kule kushuka mara kwa mara ndiko kunakoziua dalili. Na dawa yake ni kutoshuka: wiki kadhaa ujizuie kabisa usiende chini ya 4, na dalili zinaweza kurudi.

Kulisikia hilo ni rahisi. Walinipunguzia insulini ya usiku, nikaambiwa nilale na 8 au 9. Mama, nililia. Nilikuwa nalala na ile 9 kama mtu aliyelala na deni. Mkononi nimebandikwa kifaa kinachosoma sukari mchana na usiku, kikiona inaelekea 4 kinalia hata saa tisa za usiku. Gari nililiweka, kwa sababu sheria ya hapa ukipoteza dalili unawaarifu watu wa leseni na unaacha kuendesha. Nikarudi kwenye basi.

Na ni kituoni, nangoja basi, wiki ya sita. Baridi kali, nimeshika simu, nikaona maandishi yanacheza. Nikadhani ni upepo. Kisha jasho likanitoka juu ya mdomo, katika baridi ile, na midomo ikaanza kuwasha. Nikapima: 3.6. Nikatafuna peremende zangu za glukosi pale pale, nikaketi, nikausubiri mkono utulie. Baada ya dakika 15 nikapima tena, 4.9. Mama mmoja akaniuliza kwa nini nalia. Sikujua nimweleze vipi kwamba mkono wangu umetetemeka.

Sasa nimfikie mtoto wa mama mdogo. Dada ameniambia anajisifu kwamba sukari ikishuka yeye hasikii kitu, na kwamba juzi alifoka uwanjani wenzake wakasema kapandisha shetani. Si shetani, mama. Ni hii hii. Asiseme hana kifaa kama changu. Kuna utafiti uliofanyika hapa Uingereza ukatolewa mwaka 2014, watu 96 waliokuwa wamepoteza dalili. Waliokuwa wakitoboa kidole walipata nafuu sawa na waliovaa kifaa, na waliojidunga insulini kwa sindano sawa na wa pampu ya insulini. Na wastani wa sukari yao haukuharibika. Hilo la mwisho nililisoma mara mbili kwa ajili ya babu.

Aende kliniki aseme ukweli wa vipimo vyake, wampangie dozi upya. Asipunguze kwa kubahatisha. Apime kabla ya mpira na kabla ya kulala, na glukosi isitoke mfukoni. Akionekana mkali bila sababu, au anarudia neno lile lile, msibishane naye, mpeni soda yenye sukari. Akizimia msimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali.

Mwambie apige picha kipimo chake, mbele na nyuma, anitumie. Vijiti vya kupimia haviingiliani, kila kipimo na vyake, na yupo mtu anayekuja huko mwisho wa mwezi anayeweza kunibebea boksi mbili tatu. Jumapili nitapiga saa mbili usiku ya huko. Nataka awepo, na wewe ukae karibu usikie.

Nisamehe kwa ule uongo wa mwezi wa pili.

Mwanao