Kizibo cha fistula kinachoyeyuka mwilini: mambo ya kujua kabla ya kulipia

Wengi wanaofika kwetu na fistula ya njia ya haja kubwa wameshapaka dawa za bawasiri muda mrefu bila nafuu. Haishangazi, maana huu ni ugonjwa mwingine. Mara nyingi huanza na jipu kwenye vitezi vya njia ya haja. Likipasuka au likitumbuliwa, huacha kijia chembamba kutoka ndani hadi kwenye ngozi, na usaha ukawa haukatiki.

Fistula ya juujuu hupasuliwa, ikapona vizuri. Inayotupa kazi ni iliyopenya kwenye misuli ya kubana haja: misuli hiyo ikikatwa sana, mtu hushindwa kuzuia hewa, hata kinyesi. Ndipo kikaja kizibo kinachoyeyuka. Hupachikwa ndani ya kijia hicho, misuli isiguswe, nyama mpya ikaota humo huku chenyewe kikifyonzwa polepole.

Mwaka 2006 madaktari wa Atlanta, Marekani, waliripoti kwamba wagonjwa 13 kati ya 15 waliowekewa walipona. Watu wakafurahi, nasi tunaelewa kwa nini. Lakini 15 ni wachache mno. Uingereza wakafanya jaribio la wagonjwa 304, kizibo kikishindanishwa na upasuaji ambao daktari mwenyewe angeuchagua. Matokeo yalichapishwa 2021: baada ya mwaka, waliopona kwa kizibo walikuwa asilimia 54, wengine asilimia 55. Na kizibo kilikuwa ghali zaidi.

Kwa hiyo ukituuliza kama kitakuponya, tutakujibu: huenda ndiyo, huenda hapana, karibu nusu kwa nusu. Faida yake kubwa ni kulinda misuli. Anayekuahidi zaidi ya hapo anakuuzia matumaini.

Jambo jingine hatukubali likufikie baada ya kusaini fomu: kizibo kilichotumika katika majaribio hayo yote mawili hutengenezwa kwa utando wa utumbo wa nguruwe. Vipo pia vya kutengenezwa kiwandani visivyotokana na mnyama. Uliza, na ukitaka kushauriana kwanza na shehe wako au na familia, chukua muda wako.

Kabla ya yote tunahitaji picha ya MRI kuona kijia kinapita wapi, na pengine kupitisha uzi laini ili usaha uishe kwanza. Tuambie pia kama umewahi kuugua kifua kikuu au unaharisha mara kwa mara. Ukipata homa na uvimbe wenye maumivu makali, usingoje miadi; hilo ni jipu, linatakiwa kutumbuliwa siku hiyohiyo.