Asante, dada wa duka la nywele

Dada, jina lako sikulipata. Ni wewe uliyemkuta yule mama Mzungu anayemlea mpwa wangu hapa Louisville, Marekani, akizubaa mbele ya rafu za mafuta kama mgeni sokoni, ukaacha shughuli zako ukamfundisha. Alikuwa akimwosha mtoto kichwa kwa shampuu kila siku, kama wanawe, na nywele zinakatika tu. Ulimweleza kwamba mafuta ya kichwani hayashuki kirahisi kwenye nywele za kipilipili, hivyo kuosha mara moja kwa wiki au wiki mbili kunatosha. Azichane zikiwa zimelowa kondishena, kwa chanuo la meno mapana, aanzie nchani. Usiku kofia ya satini, maana foronya ya pamba hunyonya unyevu. Ngozi nayo ipakwe mafuta mara tu akitoka kuoga, isipauke. Hata ukamwonya asikaze misuko ya pembeni mwa uso, jambo ambalo wasusi wetu wengi hawalijali!

Jumapili mtoto alikuja kututembelea amesukwa msuko wa twende kilioni, mistari imepinda kidogo, akakataa katakata kufumuliwa. Mungu akubariki sana, dada.