Sabuni yako ya kunyolea haitoi povu? Tuanze na maji

Mwezi uliopita mzee mmoja wa Mbagala, mteja wetu, alirudi dukani na mfuko wake. Akatoa brashi, akatoa kopo la sabuni, akaviweka juu ya kaunta. "Mwanangu, sabuni hii feki. Nimekoroga mpaka mkono umechoka, napata maji meupe tu." Nikamwomba samahani, nikachukua sabuni ile ile na brashi ile ile, nikakoroga kwa maji ya kunywa ya chupa. Haikufika dakika mbili, povu likawa limesimama kwenye bakuli. Ndipo nikamuuliza: "Mzee, nyumbani mnatumia maji gani?" Akasema: "Ya kisima. Yana chumvi kidogo."

Hapo tatizo likajulikana. Visima vingi vya Dar es Salaam maji yake si ya chumvi tu, ni magumu pia, maana yake yamebeba kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ikikutana na madini hayo hushikana nayo na kuwa utando mweupe, ule ule unaoganda kwenye beseni la kufulia. Mpaka madini yote yashibe ndipo sabuni inayobaki inaanza kutoa povu. Povu la kopo la kubonyeza halina shida hiyo, kwa kuwa maji yake yamo humo humo tangu kiwandani. Sabuni ya kunyolea inayategemea maji yako wewe.

Kwa bahati nzuri, maji ya kutengenezea povu ni machache sana, hayafiki hata nusu kikombe cha chai. Kinga ya mvua uweke kwenye dumu, au tumia ya kunywa ya chupa. Uso unaweza kuuosha na kuusuuza kwa maji yale yale ya kisima. Kuchemsha husaidia kwa baadhi ya visima. Ugumu mwingine hauondoki kwa moto.

Kosa la pili ni uchache wa sabuni, na hili tunaliona kwa karibu kila anayeanza. Mtu anapitisha brashi juu ya sabuni mara tatu, anaiweka usoni, povu linakauka kabla wembe haujafika kidevuni. Lowesha brashi, ikung'ute mara mbili ili isichuruzike, kisha izungushe juu ya sabuni nusu dakika nzima, hesabu kwa mdomo ukipenda. Ncha za brashi zijae uji mzito unaonata. Usione viputo ukadhani umemaliza, viputo vikubwa ni povu la kufulia. Sasa hamia kwenye bakuli, ongeza maji matone machache, koroga, ongeza tena. Povu likiwa tayari linang'aa, limelainika kama mtindi uliokorogwa, na ukilisugua kati ya vidole viwili linateleza. Likikauka au kukatika, limekosa maji. Likichuruzika, umezidisha maji, rudi kwenye sabuni.

Kuhusu brashi, wateja wetu wengi ni Waislamu na huuliza kwanza manyoya ni ya mnyama gani. Wana haki ya kuuliza. Brashi nyingi za bei nafuu duniani ni za manyoya ya nguruwe, nyingine ni za farasi, na zile za bei kubwa ni za mnyama wa Ulaya na Asia aliye wa jamii moja na nyegere. Sisi tumeamua kuuza za sintetiki peke yake, yaani za nyuzi za kiwandani. Tunawapendekezea hizo hata wasio na sababu ya dini: hazihitaji kulowekwa, hazina harufu ya mnyama, na zinakauka haraka katika joto hili la pwani lenye unyevu. Kwenye sabuni, soma karatasi yake. Ukiona neno linaloishia na "tallowate" hayo ni mafuta ya mnyama, na mara nyingi hawaandiki ni mnyama gani. "Palmate" ni mawese.

Vijana wengi wanakuja kwetu kwa ajili ya vipele vya ndevu, na hapa nataka niwe mkweli. Brashi na sabuni si dawa ya vipele. Nywele zetu zimejikunja. Zikikatwa karibu mno na ngozi, ncha yake kali inapinda na kuchoma ngozi, au inaota kwa ndani. Povu zuri linachofanya ni kulainisha unywele kwa maji, na wembe uteleze bila kukandamizwa. Yanayobaki ni mkono wako: nawa uso kwa maji ya vuvuguvugu dakika mbili tatu kabla, nyoa kufuata nywele zinakoelekea, usivute ngozi, pitisha mara moja, na uridhike hata kama kidevu hakijawa laini kama cha mtoto. Huko kutaka kurudia kinyume nyume ndiko kunakoleta vipele shingoni. Vikiwa na usaha, au ukiona makovu yanavimba kisogoni, acha wembe uende kliniki ya ngozi.

Brashi usimwazime mtu, hata ndugu yako wa tumbo moja. Wembe ukikwaruza damu hutoka, na brashi hupita pale pale. Ukimaliza, isuuze mpaka maji yatoke safi bila povu, ikung'ute, iache penye hewa. Kopo la sabuni usilifunike likiwa bado bichi. Bafu zetu zina unyevu, ukungu hauchelewi. Kwa utunzaji huo, sabuni ya gramu 100 humfikisha mtu anayenyoa kila siku miezi mitatu, wengine zaidi.

Yule mzee alirudi na sabuni yake nyumbani, na sasa ana chupa ya maji ya mvua pembeni ya kioo. Wewe ukija dukani, beba maji ya kwenu kwenye chupa ndogo. Bakuli na brashi ya majaribio vipo kaunta, tutakoroga pamoja uone povu lake kabla hujatoa hela.