Desemba 12 ina jambo la pili, Mheshimiwa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi,

Salamu kutoka Ngomeni.

Sikukuu ya Jamhuri iliyopita niliketi chini ya hema nikisikiliza hotuba hadi kiti cha plastiki kikanichosha kiuno. Mashujaa walitajwa, barabara tukaahidiwa tena. Hakuna aliyenyoosha kidole baharini, kwenye majukwaa ya chuma ambayo Waitaliano walirushia roketi.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco na setilaiti ya Marekani ya kilo 140 hivi. Kwenye makaratasi iliitwa SAS-1. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA, shirika la anga la Marekani, aliyesimamia mradi, akaipa jina Uhuru, kwa heshima ya siku yenyewe na ya wenyeji.

Wapo wanaodhani Waitaliano walifuata fukwe tu. (Fukwe nazo hawakuzikataa.) Ngomeni iko nyuzi tatu hivi kusini ya ikweta, na huku mzunguko wa dunia huisukuma roketi bure. Tena setilaiti ikizungukia juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe zenye chaji ambazo huvuruga vipimo. Na vipimo vya Uhuru havikutaka kuvurugwa: ilikuwa ikitafuta eksirei za angani, mionzi ile ile tunayopigwa hospitalini tukivunjika mkono. Hewa huzizuia zisitufikie, kwa hiyo anayezitaka sharti azifuate juu.

Haikutangulia setilaiti nyingine yoyote iliyoundwa kwa kazi hiyo pekee. Hadi ilipozimika Machi 1973 ilikuwa imekusanya habari za vyanzo vya eksirei ambavyo orodha ya mwisho iliviweka 339. Vipimo vyake ndivyo vilivyowaelekeza wanasayansi kwamba kimoja cha vyanzo hivyo, Cygnus X-1, huenda ni shimo jeusi, kitu chenye mvuto mkali kiasi kwamba hata mwanga hauponyoki. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Setilaiti ya Kenya, Taifa-1, iliporushwa 2023 kutoka Marekani tulishangilia, na ilistahili. Lakini mtoto wa Ngomeni anajua Taifa-1 na hajui Uhuru iliyopaa mbele ya nyumba ya babu yake.

Mheshimiwa, sikuombi mnara, wala kongamano la hotelini. Naomba kibao kimoja, kwa Kiswahili, pale ufukweni majukwaa yanapoonekana. Na siku ya Jamhuri, kabla wanasiasa hawajashika maikrofoni, dakika tano tu apewe mzee mmoja. Roketi ya mwisho ilirushwa hapa 1988. Walioziona bado wapo, ila wanapungua. Jirani yangu alikuwa kwenye dau akitega mishipi. Anasema aliona moshi kwanza, mshindo ukafika baadaye, naye akadhani mlingoti umekatika.

Mkimwita, nitamleta mwenyewe kwa pikipiki yangu.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Ngomeni, Magarini