Wiki hii ni zamu ya bendi chipukizi

Wanakikundi, habari za jioni. Wiki hii tunaziweka pembeni bendi zenye majina makubwa, tusikilize chipukizi wa saikedelia (muziki wa kindoto wenye sauti zilizopindishwa) na elektroniki wanaojirekodi wenyewe. Kila mtu alete bendi moja tu, pamoja na kiungo cha ukurasa wao rasmi. Tafadhali msitume faili za nyimbo humu. Kwa bendi changa, kila nakala inayonunuliwa ina maana kubwa.

Sikilizeni kwa hedifoni. Muziki huu unachezea sana kushoto na kulia, na kwenye spika ya simu besi inapotea kabisa. Tegeni sikio kwenye mwangwi hasa: neno linaimbwa, linarudi limefifia kidogo, linarudi tena, mpaka linageuka kuwa mdundo. Hapo ndipo utajua kama bendi inajua inachofanya au imewasha tu mashine na kuiacha.

Kwa wanaouliza haya yalianzia wapi, watafuteni bendi ya Silver Apples wa New York. Watu wawili tu, albamu ya kwanza 1968. Simeon alipiga lundo la osileta (vifaa vya umeme vinavyotoa sauti) kwa mikono, viwiko na magoti, besi akiikanyaga kwa miguu, na Danny Taylor kwenye ngoma. Naona bendi nyingi za leo bado hazijawafikia kwa ujasiri.

Ukileta bendi yako, andika ni dakika gani ya wimbo iliyokushika na kwa nini. "Ni kali" peke yake haitusaidii. Mwisho Ijumaa usiku, Jumamosi tunapiga kura.