Shukrani kwa mama wa kwenye benchi

Mama uliyekaa nasi tukisubiri zamu, hukututajia jina, ila uliyotuambia tunayo mpaka leo. Kaka yetu alipotea miaka mingi iliyopita akiwa safarini kuhamia nchi nyingine, na wengi walishatushauri tukae matanga bila mwili. Wewe uliuliza tu: mmetoa sampuli za vinasaba, yaani DNA?

Hatukujua kwamba mabaki yasiyotambuliwa hulinganishwa na sampuli za ndugu, na kwamba za wazazi au watoto wa aliyepotea ndizo zenye nguvu zaidi. Kumbe ni kupanguswa ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba, wala hakuumi. Ukasisitiza aanze mama yetu, kwa sababu ya umri wake (ulilisema kwa upole sana, ahsante). Ukatuagiza pia tutafute kumbukumbu za meno ya kaka, na tufungue ombi la kumtafuta kupitia Msalaba Mwekundu, ambao husaidia familia zilizotenganishwa na vita, majanga au uhamaji.

Sampuli zimehifadhiwa, majibu bado. Mama anakusalimu sana. Siku hizi usiku anapata usingizi.